Mstari Mwekundu wa Milo Kucera

Milo Kucera aliwapimia watu mahindi kwa miaka thelathini na mbili, na hakuna mkulima wa Prosek aliyewahi kusema kapunjwa. Lori liliingia mizanini limejaa, likapimwa, likaenda kumwaga ghalani, likarudi tupu, likapimwa tena, na tofauti ndiyo mahindi yenyewe. Urefu wa lori haukumbabaisha. Walikuja wenye malori mapya yanayong'aa, honi juu, kumbe nusu ya ule uzito ni chuma kitupu, na Milo akawakabidhi risiti zao bila kucheka.

Kwa akili hiyohiyo aliutazama mpira. Nasema mpira wetu wa huku Nebraska, wa kushika mkononi na kuvaa kofia ngumu, ambao kwa ajili yake mtu ataahirisha arusi ya binti yake lakini mechi hakosi. Chuo chetu cha Saint Ludmila ni kidogo, hata kaunti ya pili hawakijui vizuri, ila uwanja wake una viti vingi kuliko watu wa mji mzima. Juu kabisa kuna kibanda cha vioo cha waandishi wa habari. Humo Milo alikaa kila Jumamosi ya msimu kwa miaka kumi na mbili, darubini shingoni, penseli mkononi, bila mshahara wala cheo.

Kilichomkera ni hesabu za magazetini. Fulani kausogeza mpira mbele yadi mia nane, basi fulani ni shujaa, picha yake nusu ukurasa. "Mia nane kwa mbio ngapi?" Milo angefoka peke yake jikoni, mpaka mkewe Jolene amwambie anywe kahawa yake. Maana mpokeaji, kila mrushaji anaporudi nyuma kutafuta wa kumrushia mpira, anachomoka mbio kwenda mbele kuusubiri. Arushiwe asirushiwe, hiyo ni mbio moja. Milo aliichorea kila mbio kijistari kwenye karatasi, na mwisho wa mechi akagawanya: yadi kwa mbio. Mwenye mbili ni mchezaji mzuri. Mwenye tatu ni wa kukodolewa macho. Na yule anayepita tatu na nusu, ambaye pengine gazeti halijawahi hata kuliandika jina lake sawasawa, huyo Milo alimpigia mstari mwekundu. Hakumpigia mtu mstari kabla ya mechi tatu, kwa sababu mbio chache hudanganya.

Jumapili baada ya misa, watu walipokuwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa wakila kolachi, maandazi ya Kicheki yenye jamu ya aprikoti, na kusengenyana kwa adabu, Milo alimtia karatasi mkononi Kocha Rollie Bednar. Walikua pamoja hao, walicheza pamoja, na Rollie ndiye aliyesimama ubavuni mwa Milo siku ya arusi yake. "Mimi nina macho mawili tu," Kocha alipenda kuwaambia watu, "la tatu analo Milo." Na Milo, mtu wa mizani, alijisikia mkubwa kweli. Sharti lilikuwa moja: karatasi ile isionwe na mtu wa nje. Milo alidhani ni kwa kuwaogopa wapinzani.

Msimu huu ninaousimulia, mstari ulimwangukia Tavion Mabry. Kijana wa Omaha, mwembamba, mpole, aliyekuja kwetu kwa sababu vyuo vingine vilisema ni mfupi. Lo! Ukimtazama akikimbia ungesema beki kapigiliwa misumari. Milo alimpigia mstari baada ya mechi ya tatu, akalala usingizi mtamu.

Mechi ya nane ilileta mgeni kibandani. Aliitwa Drummond, msaka vipaji wa chuo kimoja kikubwa cha jimbo la jirani, pande la mtu mwenye koti jeusi. Hakuja kwa ajili yetu, alikuja kumtazama beki wa wapinzani. Lakini kiti kilichobaki wazi kilikuwa karibu na Milo, na jicho la mtu haliwekewi uzio.

"Mzee, hizi ni nini?"

"Hesabu zangu tu."

"Tatu nukta saba? Huyu namba kumi na tisa? Mbona simjui?"

Hapo Milo akalisahau sharti. Nani asingesahau, ameulizwa kitu anachokipenda kwa mara ya kwanza na mtu anayekielewa? "Utamjuaje? Ana yadi mia tatu tisini na tatu kwa mechi nane pamoja na hii, gazeti halina habari naye. Yule nyota wa magazetini mnayemshangilia ana mia nane na kumi na mbili, lakini kazipata kwa mbio mia tatu sitini. Gawanya mwenyewe. Wangu kakimbia mia na tano tu."

Drummond alivua miwani. "Mia na tano kwa mechi nane? Mzee wangu, una mpokeaji kama huyu halafu unampumzisha? Kaumia?"

"Hapana."

"Mkorofi? Mlevi?"

"Kijana mzuri kabisa. Kocha ana sababu zake."

"Zipi?"

Milo aliinua darubini. Kule chini Tavion alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja, kofia mkononi, anatazama wenzake wakicheza. Drummond akaandika namba yake ya simu kwenye kona ya karatasi. "Mimi siruhusiwi kuongea naye. Lakini Desemba orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo ikifunguliwa, akiweka jina lake, nitakuwa nimekaa hapo hapo nasubiri. Nitumie hizi."

Neno lile "zipi" halikumtoka Milo kichwani. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya misa, aliteremsha majalada yake yote ya karatasi za mechi, akayatandaza juu ya kitanda. Sasa hapa nimseme Milo, na namsema nikimpenda. Mtu aliyezoea kugawanya huishia kulitazama jibu peke yake. Idadi ya mbio aliidharau. Kwake ilikuwa ya kugawia tu, na kumpanga mtu acheze mara ngapi ni kazi ya kocha, haimhusu. Miaka kumi na mbili hakuwahi kuiandika idadi ile peke yake, mechi baada ya mechi, akaitazama.

Safari hii aliiandika. Tavion: ishirini, kumi na tisa, ishirini na moja. Mstari mwekundu. Kisha tisa, saba, kumi, nane, kumi na moja.

Akachukua jalada la miaka miwili nyuma. Garrett Pohl, ambaye sasa anauza matairi kule barabara kuu: kumi na tisa, ishirini na nne, ishirini na moja. Mstari. Kisha nane, sita, tisa.

Jalada la mwaka 2019 hakutaka kulifungua, akalifungua. Nolan Kucera, mwanawe wa pekee. Ishirini na mbili, ishirini, ishirini na tatu. Mstari. Sita, nane, tano.

Aliketi juu ya kitanda na viatu vyake vya kanisani. Alikumbuka mezani, vuli ile, Nolan akisukumasukuma chakula na uma. "Mbio tano tu, Baba. Wewe unaona sawa?" Naye akamjibu bila hata kuinua uso, "Kocha anajua anachofanya. Kaza buti." Krismasi haikufika, Nolan aliacha chuo, akaacha Prosek, akaenda Tucson huko Arizona kufunga viyoyozi juu ya mapaa. Kila Jumapili anampigia mama yake. Baba hupewa salamu. Milo aliishi miaka minne akiamini mtoto kakata tamaa kwa uvivu, na kwa siri alimwonea aibu. Sasa aibu ilimgeukia yeye.

Chini ya kanisa, Kocha alikuwa na kolachi mdomoni. Alinyoosha mkono kama kawaida. "Lete vitu, mzee."

"Leo hakuna karatasi. Rollie, kwa nini Tavion hachezi?"

"Anacheza! Tukibanwa namwingiza, anatutoa. Tumeshinda saba katika nane, unataka nikupe nini tena, mbingu?"

"Mbio tisa. Mbio saba."

Kocha alifuta vidole polepole, akamshika Milo kiwiko, akamvuta hadi kwenye makoti. "Usinianze hapa, mbele ya Padri."

"Unamficha."

"Namtunza! Wewe umesahau 2018? Yule kijana nilimlea miaka miwili. Kapata yadi elfu, kapigwa picha, Desemba kahamia chuo kikubwa, kaniaga kwa simu. Kwa simu, Milo! Mwaka ule wakubwa wa chuo walikuwa mezani wanataka kuivunja timu. Timu ikivunjwa, nani atakuja kusoma Prosek? Atafuata nini, harufu ya mahindi? Nambie wewe."

"Na hesabu zangu ndizo unazotumia."

"Sasa si ndiyo maana unaniletea?" Kocha alishangaa kweli, wala hakuwa akijifanya. "Unaniambia nani ni dhahabu kabla dunia haijajua. Mimi naifunika. Yadi mia tatu, nani atamgeukia? Bila wewe nisingeweza, nakwambia ukweli. Wewe ndiye uliyeiokoa timu hii."

Alisema kwa upendo, kama mtu anayetoa shukrani alizochelewa kuzitoa, na ndicho kilichomchefua Milo kuliko yote. "Na Nolan?"

Kocha alitazama upande wa akina mama waliokuwa wakiosha vikombe. "Nolan ndiye niliyeanza naye," alisema. "Nilijua wewe hutapiga kelele. Wewe ni mtu wa timu."

Milo hakumpiga. Mimi ningempiga. Alivaa koti lake, akakosea vifungo, akatoka.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, alimwacha mwenzake mizanini akaenda bwenini. Alimkuta Tavion kwenye chumba cha mashine za kufulia, anakunja fulana.

"Bwana Kucera? Umepotea?"

"Nimekuletea hizi. Ni zako, zote za msimu huu."

Tavion alifunua karatasi moja moja. "Naona huu ndio mstari wenyewe."

"Ndiyo. Maana yake wewe ni..."

"Najua maana yake. Timu nzima tunajua." Akacheka, cheko kavu. "Unajua tunakuitaje? Mchimba Kaburi. Ukimpigia mtu mstari, basi tena, tunampa pole. Wiki ile yangu jamaa walivua kofia wakaniimbia wimbo wa mazishi. Mimi mgeni, nikadhani ni utani."

Milo alishika ukingo wa mashine. "Tangu lini mnaniita hivyo?"

"Tumerithi. Tangu enzi za kina Pohl. Wengine wanasema kabla yake."

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Tukwambie wewe?" Tavion alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Kisha akaona uso wa mzee ulivyo, akalainika kidogo. "Ina maana hukujua?"

"Sikujua."

"Duh."

Mashine moja ilikuwa inazunguka kwa kelele. Milo akamweleza habari za Drummond, na orodha ya Desemba, na kwamba hatatuma karatasi hata moja bila yeye kukubali. "Lakini Kocha akisikia, atakukalisha benchi mpaka msimu uishe."

"Niko benchi tayari, Bwana Kucera. Tuma." Akakunja fulana ya mwisho. "Wewe je? Utabaki na nani?"

"Mimi nina mizani yangu," Milo alijibu, na akajisikia mjinga.

Alituma siku hiyohiyo. Na Tavion, ambaye kwa maoni yangu alikuwa mwanamume kuliko watu wazima wote wa habari hii, alienda mwenyewe ofisini kwa Kocha akamwambia uso kwa uso kwamba Desemba ataweka jina. Hakuvaa kofia tena, Kocha hakumwingiza uwanjani. Mechi tatu zilizobaki tukafungwa mbili, ya mwisho nyumbani, mbele ya wazee waliokuja na mablanketi, na mchujo wa ubingwa tukausikia redioni wakicheza wengine. Kufikia Jumatatu mji mzima ulijua ni mdomo wa nani uliotoa siri.

Asikudanganye mtu, iliuma. Ufunguo wa kibanda alikuja kuuchukua katibu wa chuo, akaupokea huku akitazama kando. Wakulima waliozoea kushuka kwenye malori, kuegemea dirisha la mizani na kubishana naye kuhusu wapokeaji na warushaji, sasa walibaki ndani wakipokea risiti kwa ncha za vidole. Mmoja tu alimsemesha. "Umetumwagia mtama, Milo. Kwa kijana wa kupita! Angekaa mwaka mmoja tu zaidi, angekufa?" Milo akapiga muhuri risiti yake. Drummond alikuwa amepiga simu akasema wamemtazama kijana kwenye video na wanamtaka. Hilo lilimtosha kumfanya aweze kula. Lakini kilichokuwa kinamtafuna ndani hakikuwa Kocha wala wakulima. Ni lile neno la Tavion, "wengine wanasema kabla yake." Kabla ya Pohl alikuwapo mmoja tu.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, mchana, Jolene akiwa jikoni na unga hadi viwiko, Milo alichukua simu ya mkewe akatoka nayo barazani. Baridi ilikuwa kali, hakuchukua koti. Alibonyeza jina la mwanawe kabla moyo haujamgeuka.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Mama mzima?"

"Mzima kabisa. Anaoka. Nolan, nataka kukuuliza jambo. Mwaka ule wako, mlikuwa mnajua? Kuhusu mstari wangu?"

Upepo ulivuma kwenye simu, alikuwa juu ya paa la mtu. "Leo kuna nini, Baba?"

Milo akamwaga yote. Drummond, majalada juu ya kitanda, Rollie na kolachi yake, Mchimba Kaburi. Aliongea haraka, akirukia huku na kule, kama mtu anayeogopa simu itakatwa. Alipomaliza, pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Tulijua," Nolan alisema. "Kocha alituita wapokeaji mwanzo wa msimu. Akasema mwaka huu Milo akimpigia mtu mstari, namweka kando mpaka nimhitaji, na asilalamike mtu, ni kwa ajili ya timu. Baada ya mechi ya pili nikakufuata gereji. Ulikuwa chini ya pikapu unabadilisha oili. Nikakwambia, Baba, tafadhali mimi usinipigie mstari. Unakumbuka?"

Milo alikumbuka. Miguu yake ilikuwa imetokeza nje ya gari, na alicheka kule chini. Alidhani mtoto anaogopa kuambiwa anabebwa na baba yake. Alimjibu kwamba hesabu hazijui mtu ni mtoto wa nani.

"Jumapili ukapiga," Nolan alisema. "Ukapiga miwili."

"Nilikuwa najivuna, Nolan. Ulikuwa na tatu nukta nane. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama siku ile."

"Mimi nilidhani mmekubaliana. Wewe na Kocha. Halafu mezani ukaniambia nikaze buti. Nikasema basi, mzee kachagua timu."

"Sikujua. Naapa mbele ya Mungu, mwanangu, sikujua."

Mtu alimwita Nolan kule kwenye paa, akamjibu anakuja. Milo alisikia vyuma vikigongana, na buti zikitembea, zikasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha, na majirani wapite waone, hakujali.

"Nakuamini," Nolan alisema mwishowe. "Ila miaka minne, Baba. Kila Jumapili unamwachia Mama simu. Si ungeniuliza tu?"